Maji ya Ndundu

Rufiji niliivuka mara ya kwanza mwaka 2001, kwa kivuko cha Ndundu, daraja likiwa bado linajengwa. Basi lilikuta foleni ya malori, tukateremshwa. Nikanunua kambale wa kukaanga, gazeti alilofungiwa limeshalowa mafuta, nikamla chini ya mwembe nikitazama mto. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalipita kimya, yamebeba vichaka vizima na mizizi yake. Ng'ambo, katikati ya mpunga, dungu lilisimama juu ya miguu mirefu, na mtoto ndani yake akiamia ndege kwa makelele.

Mjomba, aliyekuwa akinipeleka Kilwa, alichota maji kwa kiganja akanawa uso.

"Na wewe nawa. Haya ndiyo yale."

Nilinawa, sikuuliza. Nimekuja kuelewa ukubwani. Kusini mwa mto, kijijini Ngarambe, mwaka 1904, Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo Hongo; wazee walisimulia kwamba alizama bwawani, akaibuka kesho yake nguo kavu. Habari ilisambaa kwa mnong'ono, njwiywila, na watu wakamiminika kufuata dawa ya vita: maji, mafuta ya mbarika, punje za mtama. Walichoshwa na kodi ya Wajerumani, na pamba waliyolimishwa kwa viboko. Husemwa walidanganywa na mganga. Mimi naona tofauti: Mmatumbi, Mngindo na Mrufiji hawakuwa na mfalme mmoja wala jeshi moja, maji kila mmoja aliyajua. Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro, na vita vikaendelea bila yeye hadi 1907.

Njia ya Ngarambe hadi Mohoro, aliyopitishwa akiwa mateka, ndiyo ninayotaka kuitembea kwa miguu. Tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 nimepita mara nyingi, na kila mara mto unaisha kabla sijafungua dirisha. Hakuna anayenawa. Tena tangu Desemba 2022 maji yenyewe huzuiliwa kwanza huko juu, kwenye Bwawa la Julius Nyerere.

Mjomba magoti yamegoma. Juzi kwenye simu aliniagiza chupa moja tu, ijazwe palepale kilipokuwa kivuko, si chini ya daraja. Chupa nimeshaiosha.