Ya Mezani au ya Kupakata? Tuuulize Mto Rufiji

Mpwa wangu, mwalimu wa Kibiti, amepata fedha za korosho, naye kaniuliza: "Mjomba, ninunue kompyuta ya mezani au ya kupakata?" Fedha zenyewe ni za msimu mmoja. Akikosea, atangoja mwingine. Nikamwambia tusianze na bei, tuanze na tulikotoka.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hakuna aliyewaza kuwa na kitu kama hicho nyumbani. Mwaka 1974, baada ya hesabu za serikali kuvurugika na fedha za kigeni kupotea, serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Marufuku ilikuja kulegezwa, na miaka ya 1990 mashine za mezani zikaenea maofisini. Tukazizoea hivyo, zikinywa umeme wa ukutani.

Huko Marekani, mwaka 1981 iliuzwa Osborne 1, kompyuta ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na kioo cha inchi 5, lakini ilipofikishwa ilipokwenda ilitafuta tena soketi. Kumbe kubebeka si kujitegemea! Kinachoipa kompyuta ya kupakata uhuru wake ni betri. Mimi nililijua hilo miaka ile, umeme ulipokatika nikiandika maoni kama haya, kurasa tatu zikaenda na giza.

Sasa turudi Rufiji. Mto huu unazungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024 na lenye uwezo wa megawati 2,115. Hata hivyo, ukipanda boti Nyamisati kwenda vijiji vya delta, utawakuta watu wanaotegemea sola ya juu ya paa. Sola ndogo huweza kuchaji kompyuta ya kupakata. Ya mezani, pamoja na kioo chake, hula umeme mara mbili au tatu zaidi, na umeme ukikatika inazimika papo hapo.

Tena kuna maji. Wazee wa Rufiji walijenga dungu, kibanda juu ya nguzo shambani, kwa kuwa mto una siku zake. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti, mwenye kuhama alichukua alichoweza kubeba.

Lakini ya mezani nayo ina haki yake. Kibodi ikiharibika, unanunua kibodi tu. Chai ikimwagikia ya kupakata, huenda ukapoteza yote. Watoto watatu hutazama kioo kikubwa pamoja, na mwizi hawezi kukitia kwapani.

Mpwa wangu ana umeme Kibiti, lakini kila likizo huenda delta kwa mama yake, akibeba hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa. Nimemshauri anunue ya kupakata, na nakala za hesabu aziweke kwenye flashi. Angekuwa hatoki mjini, ningesema ya mezani.

Mwaka 1974 serikali ilituamulia. Leo kila nyumba ni wizara yake ya fedha, na kosa lake italilipa yenyewe.