Chama ni cha Nani? Historia ya Umoja wa Wafanyakazi Mwanza na Kando ya Ziwa Victoria

Katika nchi ya Wasukuma, kabla kazi ya mshahara haijaenea, kazi kubwa za shamba hazikuwa za mtu mmoja. Vijana wa kijiji walikuwa na ushirika wao wa kulima kwa pamoja, na mkuu wao, aliyeitwa nsumba ntale, aliongoza kwa ridhaa ya wenzake. Mila hiyo yafaa ikumbukwe na kila atakaye kuelewa habari za vyama vya wafanyakazi kando ya Ziwa Victoria, maana ndani yake limo swali ambalo historia yote ya vyama hivyo imelizunguka: chama ni cha nani?

Kazi ya mshahara iliingia Mwanza pamoja na pamba na reli. Njia ya reli kutoka Tabora ilifika mjini mwaka 1928, na tangu hapo mji ukawa makao ya makuli wa bandarini, mabaharia wa meli za ziwani, mafundi wa reli na vibarua wa viwanda vya kuchambua pamba. Mwaka 1955 ulikuwa na mambo mawili makubwa. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao vya ushirika katika shirikisho moja la Victoria. Mwaka huo huo, mjini Dar es Salaam, vyama vya wafanyakazi viliunda shirikisho lao, yaani TFL, na Rashidi Kawawa akawa katibu mkuu wake. Hivyo mkulima na mfanyakazi walitambua kwa wakati mmoja kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Vyama vya siku hizo havikuwa tajiri. Ada ilikusanywa kwa taabu, na mara nyingi fedha hazikutosha. Hata hivyo, mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma kwa siku 82. Kukaa siku zote hizo bila mshahara si jambo la watu walioandikwa chamani bila wao kujua. Ni jambo la watu wanaokiona chama kuwa mali yao.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika upesi. Serikali ilikuwa na hoja isiyopaswa kupuuzwa: wenye mishahara walikuwa wachache, wakulima walikuwa wengi na maskini zaidi, na taifa changa lisingeweza kustahimili migomo ya mara kwa mara. Mwaka 1962 zilitungwa sheria zilizobana haki ya kugoma na kuelekeza migogoro kwenye usuluhishi. Kasanga Tumbo, kiongozi mashuhuri wa wafanyakazi wa reli, alipelekwa London kuiwakilisha nchi. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, viongozi kadhaa wa vyama waliwekwa kizuizini, na mwezi uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kuivunja TFL na kuunda chama kimoja tu, NUTA. Katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza alikuwa Michael Kamaliza, ambaye wakati huo huo alikuwa Waziri wa Kazi.

Mfanyakazi hakukosa faida. Sheria ya mwaka huo huo ilimkinga asifukuzwe ovyo, tena iliunda kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Ada nayo ilianza kukatwa moja kwa moja katika mshahara, na idadi ya wanachama ikakua. Lakini hapa ndipo penye fumbo la historia hii: chama kilianza kupungukiwa nguvu wakati ule ule orodha yake ilipokuwa inarefuka. Kiongozi asiyechaguliwa na wanachama hana haja ya kuwaendea, na mwanachama ambaye ada yake hukatwa bila kuulizwa hana desturi ya kuuliza imetumikaje. Ushahidi ulionekana baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Wafanyakazi wa viwanda kadhaa nchini waliwakataa mameneja wenye kiburi na kusimamisha kazi, lakini hawakuongozwa na NUTA; mara nyingi walijiongoza wenyewe. Mwaka 1978 NUTA ikafuatwa na JUWATA, jumuiya ya CCM.

Wakulima wa pamba nao walionja jambo hilo. Chama chao kikuu cha Nyanza kilivunjwa na serikali mwaka 1976 pamoja na vyama vikuu vingine, na kiliporudishwa katika miaka ya 1980 hakikuikuta imani ile ya zamani.

Pigo kubwa kwa idadi yenyewe lilikuja katika miaka ya 1990. Mashirika ya umma yalipunguza watu au yakauzwa. Kiwanda cha nguo cha Mwatex, kilichokuwa fahari ya Mwanza tangu mwaka 1968, kilisimama na hatimaye kikabinafsishwa. Ajira ilipokwenda, uanachama ulikwenda nayo. Uhuru wa vyama ulirudi hatua kwa hatua: OTTU iliundwa mwaka 1991, vyama vya kila sekta vikafuata, kisha TUCTA mwaka 2001. Lakini ajira mpya ya Mwanza ilikuwa katika viwanda vya minofu ya sangara, ambako wengi walikuwa vibarua. Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa mwaka 1999, kibarua asiye na mkataba wala chama hakuwa na pa kupeleka madai.

Matokeo yake tunayaona. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inatoa haki ya kujadiliana na mwajiri, lakini huipa chama chenye wanachama walio wengi mahali pa kazi; pasipo wanachama, haki hiyo hulala kitabuni. Wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, wavuvi na waendesha bodaboda wako nje ya utaratibu huo kabisa. Tena yamepotea maarifa ya kuendesha mkutano, kukagua hesabu na kumwondoa kiongozi asiyefaa.

Maarifa hayo hayarudishwi kwa amri. Vijana waliomfuata nsumba ntale shambani waliyapata kwa kuyatenda, na wanafunzi wetu waweza kuyaanza katika vyama vyao vya shuleni, kwa kumchagua mweka hazina wao na kumdai hesabu kila muhula.