Siku ya Uvuvi Huandikwa kwa Jina la Nani?

Februari 1954 mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway alifika Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, akiwa ameumia vibaya. Mwezi uliotangulia alikodi ndege ndogo ili mkewe aione Kongo kutoka angani. Safari hiyo iliwafikisha kwenye ajali karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, na kesho yake ndege ya pili iliyowachukua ikateketea Butiaba. Kambi ya uvuvi wa baharini ilikuwa imekwisha kuandaliwa, lakini majeraha yalimzuia kuvua kama alivyokusudia, kisha moto wa porini ukamuunguza. Hata hivyo, Shimoni ikisimuliwa, jina lake halikosi. Naona hapo pana kasoro kubwa katika historia ya mchezo huu wa uvuvi: siku nzima hupewa mgeni mwenye fito ya kuvulia, na waliomfikisha kwa samaki huachwa nje.

Mzizi wa kasoro hiyo uko kwenye kanuni. Mwaka 1939 lilianzishwa Marekani shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, IGFA, ambalo Hemingway alikuja kuwa makamu wake wa rais. Kwa kanuni zake, samaki akishanasa, mtu mwingine haruhusiwi kugusa fito wala mshipi hadi samaki avutwe karibu kabisa na mashua. Akigusa, rekodi haikubaliwi. Orodha inayosomwa na watu hutaja aina ya samaki, uzito, mahali, tarehe na jina la mvuvi. Watetezi husema kwamba bila sharti hilo mabaharia wenye nguvu wangevua kwa niaba ya tajiri, naye akajitwalia sifa. Hoja hiyo ni ya haki, nami naikubali. Lakini kanuni hupima mapambano tu, na mapambano huanza baada ya samaki kunasa. Kabla ya hapo kuna kuusoma upepo wa kaskazi na mkondo wa Pemba, kuwatazama ndege wanaopiga mbizi juu ya kundi la dagaa, kufunga chambo kiogelee kama samaki aliye hai. Na sulisuli akikimbia na mshipi, kuna kuigeuza mashua kwa wakati. Hiyo ni kazi ya nahodha na mabaharia wake, na elimu yake imekaa pwani muda mrefu kuliko fito yoyote. Cuba wanalijua hili vizuri zaidi: Gregorio Fuentes, nahodha wa Pilar, mashua ya Hemingway, alitafutwa na waandishi hadi alipofariki mwaka 2002 akiwa na miaka 104. Jina la baharia likiulizwa, hupatikana.

Msomaji wa Mweso, huku Kivu Kaskazini nchini Kongo, ana haki ya kuuliza starehe ya matajiri wa bahari ya mbali inamhusu nini, hasa katika nchi ambayo watu wanakimbia vita. Inamhusu, kwa sababu historia ya ziwa letu imeandikwa kwa mtindo uleule. Sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hawakuwa wa asili huko. Waliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na maandishi huwataja kwanza wataalamu wa ukoloni waliowaleta, halafu miradi iliyofuata. Wataalamu wanastahili kutajwa, sikatai. Ila samaki aliyemwagwa ziwani bado si kitoweo. Aliyemfanya kuwa chakula cha Goma na Bukavu ni mvuvi anayekesha majini, mitumbwi mitatu ikiwa imefungwa pamoja, taa zikiwaka juu ya wavu. Na maziwa ya Mokoto yaliyo jirani na Mweso, yaani Ndalaha, Lukulu, Mbalukia na Mbila, yana wavuvi wake pia. Wazee walioshika nyavu hizo wangali wapo, wengine wakiwa wamehamishwa na vita; mwandishi anayetaka historia ya uvuvi wa Kivu angeanza kwa kuwauliza wao, na nyaraka za miradi zingesubiri.