Kutoka Sandarusi hadi Urafiki: Mapinduzi ya Viwanda Pembezoni mwa Dar es Salaam

Kabla Sultani Majid bin Said hajaanza kujenga mji wake kando ya kijiji cha Mzizima katika miaka ya 1860, watu wa Uzaramo walikuwa tayari wanavilisha viwanda vya ng'ambo. Walichimba sandarusi, utomvu wa msandarusi uliogandia ardhini miaka mingi, wakaibeba hadi pwani. Majahazi yaliivusha kwenda Unguja, na kutoka huko merikebu za Salem, Massachusetts, ziliipeleka Marekani kutengenezwa vanishi ya kung'arisha samani na magari ya farasi. Wamarekani nao waliuza Unguja majora ya merikani, kitambaa cha pamba kilichofumwa kwa mashine, na merikani hiyo ikasambaa pwani na bara.

Mwanafunzi wa Temeke au Kinondoni hufundishwa kwamba mapinduzi ya viwanda yalitokea Uingereza: James Watt alipata hataza ya injini yake ya mvuke mwaka 1769, Manchester ikajaa viwanda vya nguo, dunia ikabadilika. Yote hayo ni kweli, ila husimuliwa kana kwamba sisi tulikuwa hatupo. Tulikuwepo. Mchimba sandarusi wa Uzaramo na mfumaji wa New England walikuwa ncha mbili za biashara moja. Tofauti ilikuwa moja tu, nayo ni kubwa: mashine ilikuwa upande wao, nasi tulitoa malighafi na kununua kilichotengenezwa.

Ukoloni uliigeuza tofauti hiyo kuwa amri. Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitaka pamba isiyotegemea Marekani, na kuanzia mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ililazimisha mashamba ya pamba ya pamoja katika vijiji vya nyuma ya Dar es Salaam na kusini yake. Watu walifanya kazi kwa shuruti na malipo ya kudhalilisha. Julai 1905 wananchi wa Umatumbi waling'oa pamba, na vita vya Majimaji vikaanza. Tukitafuta mahali ambapo historia ya viwanda vya Ulaya na historia yetu ya siasa zinashikana, ni katika mche huo wa pamba uliong'olewa.

Waingereza waliofuata walihitaji vibarua mjini, lakini nyumba za kuwaweka zilichelewa. Mwaka 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea kwa kufuata reli hadi bara. Temeke na Magomeni zikapimwa na kujengwa kuwa makazi ya Waafrika; viwanda vikapangwa kandokando ya Barabara ya Pugu, kuelekea Chang'ombe. Magomeni ndiko Mwalimu Julius Nyerere alikojenga nyumba yake wakati wa harakati za TANU, chama kilichoanzishwa Julai 7, 1954. Mapinduzi ya kisiasa yalikuwa yanachemka kwenye mitaa ya wafanyakazi kabla kiwanda kikubwa cha nguo hakijasimama.

Kiwanda hicho kilisimama Ubungo, ambayo wakati huo ilikuwa haijawa wilaya na baadaye ilihesabiwa miaka mingi ndani ya Kinondoni. Ujenzi wa kiwanda cha Urafiki ulianza mwaka 1966 kwa msaada wa China, na Mwalimu akakifungua mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Hapo pamba ilisokotwa, ikafumwa, ikatiwa rangi na kupigwa chapa mahali pamoja. Wachina walileta mitambo inayohitaji mikono mingi, na maelfu ya watu wakapata ajira. Kwa taifa ambalo kwa zaidi ya karne moja lilivaa nguo za wengine, khanga na kitenge cha Urafiki kilikuwa tamko la uhuru lililovaliwa mwilini.

Kiwanda kilizaa mji. Ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, Manzese ilifurika watu waliojijengea wenyewe, bila viwanja vilivyopimwa, kama wafanyakazi wa Manchester walivyobanana katika mitaa ambayo Friedrich Engels aliiandika mwaka 1845. Lakini hapa serikali haikubomoa: katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Manzese iliboreshwa na viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vikapimwa. Kiwanda kilikuwa hata na muziki wake. Urafiki Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuongozwa na Juma Mrisho, Ngulimba wa Ngulimba, iliitangaza Urafiki katika kumbi za dansi.

Mwendo mfupi kutoka hapo, Mlimani, Chuo Kikuu kilikuwa kimehamia tangu 1964. Huko Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha historia, aliandika kitabu chake mashuhuri juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kikachapishwa Dar es Salaam na London mwaka 1972. Hoja yake ilikuwa kwamba utajiri wa viwanda vya Ulaya na umaskini wa Afrika vilikua pamoja. Wafanyakazi nao walikuwa na andiko lao: Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliowakataza viongozi kuwa na kiburi na dharau. Walilichukua neno hilo kwa uzito. Mwaka 1973 wale wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia tajiri nje, wakaendesha uzalishaji wenyewe. Upande wa Temeke reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ikakabidhiwa mwaka 1976.

Elimu, siasa na viwanda: Ulaya ilivipitia katika karne tatu, toka Newton hadi vyama vya wafanyakazi. Dar es Salaam ilivikusanya pembezoni mwake ndani ya muongo mmoja. Lakini vilikaa jirani bila kufungamana. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa Mlimani mwaka 1973, miaka mitano baada ya Urafiki kuanza, na mitambo ya kiwanda iliendelea kutegemea vipuri kutoka nje. Bei ya mafuta ilipopanda, Vita vya Kagera dhidi ya Uganda vilipokula hazina, na fedha za kigeni zilipokauka, vinu vilisimama. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilifunguliwa na mitumba ikaingia. Manzese, mtaa uliokuzwa na kiwanda cha nguo, ukawa soko la nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani. Mwaka 1997 Urafiki ikaanza upya kama kampuni ya ubia ambamo China ilishika asilimia 51, lakini haikurudia nguvu yake ya zamani.

Leo katika eneo maalumu la kiuchumi la Benjamin William Mkapa, Mabibo, hushonwa suruali za jinzi za kuuzwa Marekani. Ni hatua, na mishahara yake inalisha familia nyingi. Lakini kitambaa chenyewe hutoka nje, huku sehemu kubwa ya pamba yetu ikisafirishwa ghafi.

Mtu huweza kusema Urafiki ilishindwa kwa sababu ujamaa haukufaa, au kwa sababu Wachina walileta mitambo ya zamani. Naamini sababu iko ndani zaidi. Manchester haikuwa na vinu tu: ilikuwa na mafundi waliotengeneza vinu, makaa ya mawe karibu, na dola iliyolinda soko. Sisi tulipata kinu bila fundi wa kukiunda upya. Lakini gesi ya Songo Songo imekuwa ikifua umeme Ubungo tangu 2004. Wahandisi wanahitimu Mlimani kila mwaka. Pamba inalimwa Shinyanga na Simiyu. Vyote vipo. Kazi iliyobaki ni kuvifunga pamoja kwa sera inayodumu kuliko awamu moja ya uongozi, ili mhandisi wa Mlimani aunde kinu, na mkulima wa Simiyu ajue kwamba pamba yake itavaliwa kabla ya kuvuka bahari.