Floribert na Mchele Ulioharibika

Vijana wapendwa, mnapotuuliza ni kazi gani imfaayo Mkristo, sisi makatekista hutaja upesi ualimu na uuguzi. Pengine upesi mno. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alisomea sheria, akawa mkaguzi wa bidhaa wa OCC mjini Goma. Mwaka 2007 alikataa rushwa ya kupitisha mchele ulioharibika. Alimwuliza mtawa daktari kama walaji wangedhurika. Mwezi Julai akatekwa, akateswa, akauawa akiwa na miaka 26. Alitangazwa Mwenye Heri jijini Roma tarehe 15 Juni 2025.

Baadhi yenu mtakagua mizigo mpakani Kasindi, upande wa Beni. Wengine mtakuwa wafanyabiashara wa Butembo, malori yenu yakisubiri muhuri papo hapo.