Michezo ya Dola na Raia Zake

Katika mashindano makuu yanayokusanya mataifa kwa michezo ya aina nyingi, sidhani kama yapo yaliyoasisiwa kwa nia iliyo bayana kuliko haya tunayoyaita leo Michezo ya Jumuiya ya Madola, kwani walioyabuni hawakuificha azma yao: walitaka wana wa dola moja, waliotapakaa katika kila bara, wakutane mara kwa mara na kushindana chini ya taji la mfalme mmoja, ili ujamaa wao usipoe kwa masafa ya bahari. Rai hiyo aliitoa John Astley Cooper mwaka 1891, na ndugu aliowakusudia walikuwa Waingereza wa Uingereza na wenzao waliohamia ng'ambo. Mtu wa Mombasa, wa Kampala au wa Lagos hakuwamo katika hesabu yake.

Mwaka 1911, katika sherehe za kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano, yalifanywa London mashindano madogo ya riadha, kuogelea, ngumi na mieleka, na kikombe kikachukuliwa na Kanada. Ikaja vita kuu, na jambo lenyewe likalala hata mwaka 1928, pale Bobby Robinson, mwandishi wa gazeti wa mji wa Hamilton nchini Kanada, aliyekwenda Amsterdam kuisimamia timu ya riadha ya nchi yake katika Olimpiki, alipoanza kuwashawishi wakuu wa timu nyingine mmoja baada ya mmoja. Wengi walitoa udhuru wa nauli, na udhuru huo haukuwa wa uongo, maana biashara ya dunia ilikuwa imekwisha kuanguka; mji wa Hamilton ukachangia dola 30,000 za Kanada kuwasaidia wageni safari, na Agosti 1930 wakawasili wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 11. Wanaume walilazwa katika skuli iliyopakana na kiwanja, vitanda vimepangwa madarasani, watu ishirini na kitu katika chumba kimoja. Wanawake waliruhusiwa kushindana katika kuogelea na kupiga mbizi tu.

Ujamaa huo ulipata mtihani wake wa kwanza mapema. Michezo ya pili, ya mwaka 1934, ilikuwa ifanywe Johannesburg, lakini ikahofiwa jinsi serikali ya huko itakavyowatendea wanamichezo wasio weupe, ikahamishiwa London. Asije mtu akadhani kuwa insafu ilikuwa imeingia katika nyoyo za wakubwa, kwani Afrika Kusini iliendelea kualikwa na kuleta timu yake ya weupe watupu mpaka Cardiff mwaka 1958; lililoepukwa ni aibu ya mwenyeji, dhuluma yenyewe ikaachwa mahali pake.

Baada ya Sydney mwaka 1938, vita vya pili vikaifuta michezo miwili mfululizo, na mkusanyiko ukarejea Auckland mwaka 1950. Lakini kwa msomaji wa Afrika tarikhi hii inaanza kunoga Vancouver, mwaka 1954. Watu wa Ulaya wakiutaja mwaka ule hutaja mbio za maili moja, ambamo Roger Bannister na John Landy, watu wawili pekee waliokuwa wamepata kukimbia maili chini ya dakika 4, walipambana ana kwa ana, na Landy, aliyekuwa mbele, akageuza uso kutazama bega lake la kushoto ilhali Bannister anampita kwa kulia. Hadithi hiyo ni tamu, wala siinyimi haki yake. Ila katika michezo hiyohiyo Emmanuel Ifeajuna, kijana wa Kinaijeria, alikuja kuruka juu akiwa amevaa kiatu kimoja tu, katika mguu wa kushoto ambao ndio aliokanyagia kujirusha, mguu wa pili mtupu. Akaruka futi 6 na inchi 8 na kutwaa dhahabu, ya kwanza kupata kuchukuliwa na Mwafrika mweusi katika michezo hiyo. Wa pili wake alikuwa Patrick Etolu wa Uganda, na wa tatu Mnaijeria mwingine, Osifo Osagie, kwa hiyo nishani zote tatu zikavaliwa na raia wa makoloni. Ifeajuna alirejea kwao shujaa, kisha akawa afisa wa jeshi, akawa miongoni mwa wale waliopindua serikali Januari 1966, na mwaka uliofuata akauawa kwa kupigwa risasi huko Biafra. Ndipo, naamini, jina lake likawa halitajwi sana, hata na waliokuwa wakilishangilia.

Kenya pia iliingia kwa mara ya kwanza Vancouver, na Nyandika Maiyoro wa Kisii akamaliza wa nne katika maili tatu. Cardiff ikawapa Wakenya shaba mbili. Dhahabu yao ya kwanza haikutoka milimani, kama ambavyo mtu wa leo angedhania, bali ilitoka pwani: ilikuwa ya Seraphino Antao, mzaliwa wa Mombasa wa wazazi wa Kigoa, mkimbiaji wa masafa mafupi. Huko Perth, Australia, mwishoni mwa mwaka 1962, joto lilipita digrii 100 za Fahrenheit hata askari wakawa wanabeba maji kuwapelekea wanamichezo, na katika hari hiyo Antao alizishinda mbio za yadi 100 na zile za yadi 220. Nchi yake ilikuwa ingali chini ya gavana, uhuru umebakiwa na mwaka mmoja na siku chache. Na Tanganyika, iliyokwisha kujitawala, ilikuwako pia kwa mara yake ya kwanza. Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya Tokyo, Antao ndiye aliyepewa kuibeba bendera ya Kenya huru.

Kingston, mwaka 1966, Kipchoge Keino alishinda maili moja na maili tatu, na Naftali Temu maili sita, na tangu hapo mbio ndefu zikahesabiwa kuwa milki ya Waafrika wa Mashariki.

Lakini siku ambayo wazee wa riadha huisimulia bado ni ile ya tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu na askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, alikuwa hajatimiza miaka 21. Elimu ya mbio za mita 1,500 kwa zama zile ilikuwa ni kujificha nyuma ya wenzako, kuwaacha wengine wakate upepo, kisha kuchomoka katika mzunguko wa mwisho; Bayi akaikataa elimu hiyo mbele ya kadamnasi, akashika uongozi tangu mwanzo, akaimaliza mizunguko miwili ya awali kwa dakika 1 na sekunde 52 hivi, huku kundi limeachwa mita nyingi nyuma na watu wakingoja aishiwe pumzi. Hakuishiwa. John Walker, mtoto wa nyumbani, alimfukuza mpaka utepeni akaambulia nafasi ya pili, na Ben Jipcho wa Kenya ya tatu. Saa ilionyesha dakika 3 na sekunde 32.2, ikaivunja rekodi ya dunia aliyoiweka Jim Ryun wa Marekani mwaka 1967. Hata Walker aliyeshindwa alikuwa ameivunja.

Ulimwengu ukangoja wawili hao wakutane tena Montreal mwaka 1976, wasikutane, kwa kuwa Tanzania na nchi nyingi za Afrika ziliisusa Olimpiki ile baada ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini. Mwaka uliofuata viongozi wa Jumuiya waliafikiana huko Gleneagles kuupinga uhusiano wa michezo na utawala wa ubaguzi. Afrika Mashariki ikaendelea kuvuna: Gidamis Shahanga akashinda marathoni Edmonton mwaka 1978, na Brisbane mwaka 1982 akashinda mita 10,000, ambako Juma Ikangaa naye alimpa Robert de Castella kazi ya kupitana na kupitwa kabla ya kukubali nafasi ya pili katika marathoni. Kisha ikaja Edinburgh ya mwaka 1986, ambapo nchi 32 hazikutokea kwa kuchukizwa na Margaret Thatcher, aliyekataa kuiwekea Afrika Kusini vikwazo vya biashara, na zikabaki nchi chache kuliko zile zilizosusa. Katika mambo yote yaliyotendwa na raia wa zamani wa dola ndani ya michezo hii, hilo naliona kubwa kuliko rekodi.

Linabaki la kuandaa. Abuja iliiomba michezo ya 2014, ikashindwa na Glasgow. Durban ilipewa ile ya 2022, ikanyang'anywa mwaka 2017 kwa kutotimiza masharti ya fedha na matayarisho, ikakabidhiwa Birmingham, na hata sasa hakuna mji wa Afrika uliopata kuipokea. Wakati ule wa Durban yalisemwa mengi kwamba Afrika haijawa tayari. Mwaka 2023 jimbo la Victoria, katika Australia iliyokwisha kuiandaa michezo hii mara tano, lilijitoa katika ile ya 2026 kwa kulalamikia gharama, nayo ikahamishiwa Glasgow ikiwa imepunguzwa. Nami sikumsikia mtu akisema kwamba Waaustralia hawajawa tayari.