Umati Ndio Mwamuzi: Mashindano ya Wagika na Wagalu Usukumani

Mavuno yakishaingia ghalani na mvua ikishakatika, Usukuma huingia katika msimu wa ngoma. Kuanzia Juni hadi Agosti, katika vijiji vilivyo kusini mwa Ziwa Victoria, kuanzia Mwanza na Magu hadi Shinyanga na Simiyu, vikundi vya wachezaji hufunga safari kwenda kupambana na vikundi vya mahali pengine. Kwa zaidi ya karne moja mapambano hayo yamekuwa na pande mbili kubwa, Wagika na Wagalu, na kijana anayejiunga na upande wowote hukuta kanuni moja inayotofautisha mashindano haya na mengi anayoyajua. Kwa mila yake, uwanja huu hauna meza ya majaji. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wana ruhusa ya kwenda wanakotaka na kuhama muda wowote. Upande utakaojaza watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Naamini kanuni hii, inayoonekana nyepesi, ndiyo iliyoifanya ngoma ya Kisukuma iwe na ubunifu, nidhamu na maisha marefu kiasi hiki. Naamini pia kwamba tunapoiacha bila kufikiri tunawanyima vijana fundisho ambalo hakuna cheti kinachoweza kulifidia.

Masimulizi ya Wasukuma yanaviweka vyama hivi viwili mikononi mwa watu wawili, Ngika na Gumha, walioishi katikati ya karne ya 19. Wote wawili walikuwa viongozi wa ngoma na wajuzi wa dawa, na ubishi wao ulihusu nani mwenye dawa yenye nguvu zaidi. Wafuasi wa Ngika wakawa Wagika, na wafuasi wa Gumha wakawa Wagalu. Katika masimulizi haya, jambo la kuangalia zaidi ni namna ubishi ulivyokatwa. Haukupelekwa kwa mtemi wala kwa baraza la wazee. Ulipelekwa uwanjani, watu wakaonyesha kwa miguu yao nani amewavuta. Hilo lilikuwa na maana kubwa katika nchi ambayo haikuwahi kuwa na mfalme mmoja. Usukuma ulikuwa na tawala nyingi za watemi, kila moja na mipaka yake, lakini chama cha ngoma kiliivuka mipaka hiyo. Kijana wa Kigika aliyetoka mbali alikuta Wagika wenzake wa kumpokea. Ngoma ikawa njia ya kutembea nchi na kujuana na watu ambao utawala uliwatenganisha.

Kanuni ya umati ilizaa nini uwanjani? Tazama bugobogobo, ngoma ya wakulima inayohusishwa na Wagalu. Wachezaji hujipanga mstari wakiwa na majembe, njuga miguuni, na ngoma kubwa ikiwapa hatua. Jembe linaloshikwa kana kwamba linapasua udongo hurushwa hewani, likazunguka, likadakwa bila mchezaji kupoteza mdundo. Kwa mtu anayelipitia shamba kila siku, hakuna chombo cha kawaida zaidi kuliko jembe, na hapo ndipo ufundi ulipo: kukifanya chombo cha jasho kiwe kitu cha kutazamwa. Upande wa pili nao haulali. Wapo wacheza nyoka wanaoingia uwanjani na chatu mabegani, na wapo wachezaji wa nungunungu, ambao ngoma yao ilizaliwa katika uwindaji wa mnyama huyo. Wengine walichonga sanamu za mbao zenye viungo vinavyochezeshwa, wakazitoa ghafla pale umati ulipoanza kuhamia kwa wapinzani. Katikati ya yote yumo manju, ambaye Wasukuma humwita ningi. Yeye hutunga nyimbo mpya kwa ajili ya msimu, kwa sababu wimbo ambao umati uliusikia mwaka jana hauwezi kuwatoa watu upande wa pili mwaka huu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, lakini kikundi kilichosafiri hakina kwao uwanjani. Lazima kimng'oe mwenyeji mbele ya ndugu zake mwenyewe, na hakina njia ya kufanya hivyo ila kuwa kizuri zaidi na kuwa kipya.

Pingamizi la kwanza linajulikana, nalo linasema kwamba ushindi huo haukuwa wa sanaa, ulikuwa wa dawa. Ni kweli kwamba dawa za mvuto zina nafasi kubwa katika ngoma hizi, kwamba viongozi wengi wa vikundi walikuwa waganga, na kwamba kijana alipojiunga na kikundi aliingizwa pia katika siri za dawa zake. Anayeandika historia ya mashindano haya na kulifuta jambo hilo anaandika nusu ya habari. Lakini hakuna kikundi kilichojua dawa kikaacha mazoezi. Wachezaji walifundishwa kwa muda mrefu kabla ya msimu, walitii uongozi, walishika mpangilio wa nyimbo na hatua, na kiongozi aliyekuwa mganga ndiye aliyekuwa pia mwalimu wao mkali. Imani ya dawa ilijibu swali ambalo mazoezi hayalijibu hata leo: kwa nini, kati ya vikundi viwili vilivyojiandaa sawasawa, kimoja kilipata watu na kingine kikakosa? Zaidi ya hayo, kwa kuwa kipimo cha dawa kilikuwa wingi wa watu, dawa yenyewe iliwekwa chini ya hukumu ya watazamaji. Mganga aliyejitapa mwaka mzima aliweza kuaibika mchana mmoja.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Linasema umati hupenda vituko, na kwamba anayeshindania wingi wa watu mwishowe huacha ufundi na kufuata mshangao. Hatari hiyo ipo, na chatu na sanamu ni ushahidi kwamba vikundi viliijua nguvu ya mshangao. Hata hivyo lazima tuangalie muda na tumwangalie mtazamaji. Mashindano haya yaliweza kuendelea kutwa nzima, na mara nyingine siku kadhaa mfululizo. Mshangao huwaleta watu, ila hauwezi kuwakalisha tangu asubuhi hadi jua kuzama. Mtu aliyekimbilia upande wa nyoka alikuwa huru kurudi alikotoka dakika chache baadaye akisikia wimbo mzuri, na hukumu iliendelea kurekebishwa mchana kutwa. Mtazamaji naye hakuwa mgeni wa ngoma. Alikuwa mkulima aliyelima kwa mdundo wa nyimbo hizo hizo, aliyecheza ujanani, anayeijua hatua iliyokosewa na wimbo uliokopwa kwa jirani. Umati wa namna hiyo ni hadhira yenye elimu, hata kama elimu yake haikupatikana darasani. Kuuita umati mjinga ni kusahau kwamba umati huo ndio uliokuwa unawazaa wachezaji wenyewe.

Wapo pia waliosema mashindano ya ngoma ni kupoteza wakati na mali, na kupanda uadui. Lawama hiyo ilisikika sana wakati wa ukoloni, na haikuwahusu Wasukuma peke yao. Pwani, ngoma ya beni iliyoanza Kenya katika miaka ya 1890 ilienea Tanganyika ikiwa na jozi yake ya vyama vinavyoshindana, Marini na Arinoti, na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wakaifikisha mbali bara. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeifuatilia beni katika kitabu alichokichapisha mwaka 1975, alionyesha jinsi vyama hivyo vilivyoshindana kwa sare, vyeo na karamu, na jinsi wakubwa wa serikali walivyolalamikia gharama zake. Malalamiko hayo hayakuwa ya uongo mtupu, kwani anayeshindana kwa karamu lazima atoe fedha. Hapa ndipo kanuni ya Usukumani inapojitetea vizuri. Palipohesabiwa watu waliovutwa, kikundi maskini chenye manju hodari kiliweza kukishinda chenye mali. Kuhusu kazi, bugobogobo yenyewe ni jibu. Vikundi vya vijana waliolima pamoja kwa ngoma viliuza nguvu zao shambani, na nyimbo zao zilipimwa kwa urefu wa matuta yaliyolimwa kabla hazijapimwa kwa wingi wa watazamaji. Nchi iliyokuwa na ngoma hizi ndiyo iliyokuwa kitovu cha pamba ya Tanganyika, na ndiyo iliyounda ushirika mkubwa wa wakulima wa Kanda ya Ziwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani. Uadui nao ulikuwepo, na ugomvi haukukosekana. Lakini Mgika bila Mgalu hana mashindano, na kila upande ulilazimika kumtunza mpinzani wake ili upate wa kumshinda.

Ushahidi wa nguvu ya kanuni hii unaonekana hata mahali ambapo ngoma ilitarajiwa kufa. Baadhi ya wamisionari waliziona ngoma hizi kuwa upagani kwa sababu ya dawa zake. Lakini Bujora, karibu na Kisesa nje ya jiji la Mwanza, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alichukua njia nyingine katika miaka ya 1950. Aliingiza nyimbo na ngoma za Kisukuma katika ibada, akajenga kanisa lenye sura ya nyumba ya Kisukuma, na akasaidia kuanzisha makumbusho yanayohifadhi historia ya watemi na ngoma. Sikukuu ya Ekaristi ikawa siku ya tamasha la Bulabo, na baada ya maandamano ya ibada Wagika na Wagalu hukutana kupambana mbele ya umati. Kanisa liliweza kubadili siku na maana ya mkusanyiko, ila lilipotaka ngoma iliyo hai liliiacha kanuni ya pande mbili na uhuru wa mtazamaji.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja na jukwaa. Baada ya Uhuru, Julius Nyerere aliunda wizara ya utamaduni na vijana mwaka 1962, kikafuata kikundi cha ngoma cha taifa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Bugobogobo ikafundishwa kwa vijana wasio Wasukuma, wasichana kwa wavulana, ikawa mali ya taifa zima, na hilo ni jambo la kushukuru. Katika miaka ya karibuni kampuni zimedhamini mashindano ya ngoma Kanda ya Ziwa, mkoa kwa mkoa hadi fainali. Kijana anayeingia huko hukuta mambo mengine: vikundi hupanda kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa dakika kilizopewa, majaji wana karatasi za alama, na mshindi hutangazwa kwa kipaza sauti. Watetezi wa utaratibu huu wanasema ni wa haki zaidi, kwa sababu wenyeji hawawezi kubebwa na ndugu zao, na kwa sababu jaji hueleza alama zake. Hoja hiyo ina ukweli, nami nisingependa zawadi ya fedha itolewe kwa makelele. Lakini jaji hupima kile alichoandikiwa kupima. Kikundi kinachojua hivyo hufupisha nyimbo, hurudia hatua zilizoleta alama mwaka uliopita, na baada ya muda taratibu za alama hufanya vikundi vyote vifanane. Kinachopotea ni ule ulazima wa kumsoma mtazamaji wakati unacheza, kuona kwamba watu wanaondoka na kubadilisha mwendo papo hapo.

Ulazima huo ndio fundisho nililolitaja mwanzoni. Kijana aliyecheza akauona umati wake ukipungua amejifunza kushindwa hadharani bila kuwa na wa kumlaumu, kwa kuwa hakuna jaji wa kushutumiwa upendeleo. Amejifunza pia kwamba kushindwa kwa saa tisa kunaweza kugeuzwa saa kumi, ikiwa manju ana wimbo na wenzake wana pumzi. Wanaoandaa mashindano ya leo hawahitaji kuwafukuza majaji ili kulirudisha fundisho hili. Wanaweza kutenga siku moja ambapo vikundi viwili vilivyoongoza vinacheza pamoja katika uwanja wazi usio na viti, muda mrefu wa kutosha, na uamuzi wa siku hiyo ukawa wa watu wenyewe. Vijana waambiwe mapema kwamba siku hiyo ipo, na wataanza kufanya mazoezi kwa namna nyingine tangu msimu wa kulima.